Seli Ndani ya Seli: Tunachokiona Kwenye Kioo

Shikamooni wazee wangu. Nanyi vijana wa uuguzi na maabara, hamjambo. Nashukuru kuitwa hapa Tanga.

Nianze na kioo kimoja, kile kibamba tunachokitazama kwa hadubini. Kinyama kikitolewa kwenye uvimbe hugandishwa ndani ya nta, kikakatwa vipande vyembamba vya mikroni 3 au 4 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kisha kikatiwa rangi: viini vya seli vikawa vya buluu, kwingine waridi. Kwenye kioo cha saratani ya titi niliona seli ya duara imekaa ndani ya nyingine, nzima, ina kiini chake. Kiini cha ile ya nje kilikuwa kimesukumwa pembeni, kimepinda, chembamba. Nyinyi mnaokwenda Ras Kazone kutazama mwezi mwandamo mngesema: hilali hiyo.

Wataalamu waliyaona haya tangu karne ya 19, wakadhani ni seli moja kuila nyingine tu. Mwaka 2007 watafiti wa Harvard, wakiwamo Michael Overholtzer na Joan Brugge, walionyesha kuwa seli ya ndani yaweza kuingia yenyewe. Seli ikibanduka pale iliposhikilia, hung'ang'ania jirani yake kwa protini ziitwazo kadherini, ikajikaza na kupenya. Wakaiita entosisi. Njia nyingine ipo: seli za melanoma, aina ya saratani ya ngozi, iliyosambaa zimeonekana zikimeza hata seli nyeupe za damu, askari waliotumwa kuziua.

Iliyoingia hufanywaje? Mara nyingi husagwa ikafa, nayo iliyoimeza ikala chakula hicho wakati wa njaa. Mara nyingine hutoka hai. Zaidi ya hayo, seli ya nje ikitaka kugawanyika, mgeni aliye ndani huizuia isikatike. Hubaki na viini viwili na kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi wa seli, za ziada. Hapo ndipo ninapoogopa, maana vurugu za kromosomu huipa saratani ukali.

Kwa hiyo mama akiniuliza, "Daktari, nitapona?" simjibu kwa picha hii. Kifo cha seli ya ndani kinapunguza saratani, na chakula chake kinaineemesha ile iliyobaki. Tafiti nyingi zimeihusisha hali hii na ugonjwa mkali, nyingine zikapata kinyume, kutegemea aina ya saratani na nani kammeza nani. Kwenye titi bado naangalia ukubwa wa uvimbe, mitoki ya kwapani, daraja la seli (zimeharibika kiasi gani), vipokezi vya homoni na HER2, protini inayochochea seli kukua.

Lakini vyote hivyo vinahitaji kinyama kilichotunzwa, na hili linaniuma. Niliwahi kuletewa kipande cha titi kwenye kopo la maji ya chumvi, kimekaa siku mbili njiani. Seli zilikuwa zimeoza, mipaka imefutika. Sikuweza kutofautisha kiini na uchafu. Yule mama akarudi kukatwa mara ya pili. Vijana wangu, ni fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama, ya asilimia 10, papo hapo, iwe nyingi kuliko nyama mara 10, na jina liandikwe kwenye kopo lenyewe, siyo kwenye kifuniko.

Kile kioo cha hilali nimekuja nacho, hadubini iko pale dirishani. Wazee watangulie. Ukishaweka jicho, zungusha kitufe kidogo taratibu mpaka mstari wa waridi utulie, kisha tazama kulia.