Tusihesabu Ruzuku Peke Yake

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na ninyi wabunifu mliojibanza viti vya nyuma kana kwamba mada hii ni ya wengine: asanteni kwa kunialika.

Kila tukikaa kuzungumzia ubunifu, mazungumzo huishia kwenye asilimia. Mwaka 2006, pale Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kila moja itenge angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti na maendeleo. Jirani zetu wa Kenya wakaenda mbali zaidi: sheria yao ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013 inataka Mfuko wa Taifa wa Utafiti upewe asilimia 2 kila mwaka. Hiyo ni sheria kabisa, si ahadi ya jukwaani. Hazina ya Nairobi haijawahi kukifikia kiwango hicho, na sisi huku Tanzania asilimia 1 bado tunaiona kwa mbali. Mimi siwalaumu sana wapanga bajeti. Mezani kwao kuna mishahara, deni la taifa, dawa na barabara, na kila kimoja kikichelewa kuna mtu atapiga simu usiku. Utafiti ukichelewa hakuna anayepiga simu.

Kwa hiyo sikuja leo kuomba asilimia. Dai langu ni hili: katika nchi kama zetu, serikali humwinua au humwangusha mbunifu kwa kanuni, kodi na manunuzi yake kuliko kwa ruzuku inayompa.

Chukueni M-Pesa, ile huduma ya Kenya ya kutuma fedha kwa simu. Najua mmechoka kuisikia, lakini husimuliwa nusu. Wengi hudhani ni kampuni ya simu iliyopata wazo zuri ikatajirika. Fedha za mwanzo zilikuwa za umma, tena za walipakodi wa Uingereza: idara yao ya misaada ya kimataifa ilitoa takriban pauni milioni 1 kupitia mfuko wa ushindani, na Vodafone, kampuni ya simu ya hukohuko, ikatakiwa kuchangia kiasi kinachokaribiana na hicho. Bila fedha ile, wakubwa wa kampuni wasingehangaika na wateja wa vipato vidogo wa mji wa Thika, Kenya. Majaribio yalianza mwaka 2005, na lengo lilikuwa wakopaji wa taasisi ndogo ya fedha walipe marejesho kwa simu. Watu wakaigeuza kazi. Wakaanza kutumiana wao kwa wao, na wengine wakaweka fedha kwenye simu kabla ya safari ili wazitoe wakifika. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, mpango wa mikopo ulikuwa umewekwa pembeni.

Sasa ile nusu nyingine. Kenya haikuwa na sheria inayoruhusu kampuni ya simu kushika fedha za watu. Afisa yeyote wa Benki Kuu angeweza kuandika barua ya mistari miwili: subirini sheria. Badala yake Benki Kuu ilikaa na wahusika, ikataka fedha zote za wateja ziwekwe benki kwenye akaunti ya amana ambayo kampuni haiwezi kuigusa kwa matumizi yake, kisha ikatoa barua ya kutokuwa na pingamizi. Mwishoni mwa 2008 mabenki yalipopiga kelele, Wizara ya Fedha iliagiza uchunguzi. Benki Kuu ikachunguza na kusema huduma ni salama. Sheria ya mifumo ya malipo ikapitishwa mwaka 2011, miaka minne baada ya uzinduzi. Tusijidanganye lakini kwamba ilikuwa hekima tupu. Wakati ule serikali yenyewe ilikuwa na hisa nyingi ndani ya Safaricom, kampuni ya simu iliyoendesha M-Pesa. Mdhibiti huwa na subira zaidi serikali inapokuwa na mgao wake mle ndani, na nashangaa jambo hili halitajwi kila tunapohimizwa kuiga.

Huku kwetu huduma ya aina hiyo ilianza 2008, na Benki Kuu yetu nayo ilitumia busara ileile hadi sheria ya 2015. Kisha ikaja Julai 2021. Mnakumbuka. Tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja, juu ya ada za kampuni. Haukupita muda watu wakarudi kubeba noti na kuwapa madereva wa mabasi bahasha za kupeleka kijijini. Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000, na Oktoba ikafutwa kwenye miamala kadhaa. Fedha zile zilijenga madarasa na vituo vya afya, hilo silikatai. Ila fikiria kijana aliyeandika mpango wa biashara Mei 2021 kwa kutegemea malipo madogomadogo ya simu. Hata kama alikuwa ameshinda ruzuku, hesabu zake zote zilikuwa zimeharibika.

Mfano wa pili ni wa umeme vijijini, na huu unaniuma zaidi kwa sababu tulianza vizuri mno. Baada ya Sheria ya Umeme ya 2008, EWURA, mdhibiti wetu wa nishati na maji, iliweka utaratibu wa wazalishaji wadogo, wale wasiozidi megawati 10. Mikataba ikawa ya muundo mmoja, na wenye mitambo ya chini ya kilowati 100 hawakuhitaji kuomba kibali cha bei kabla ya kuanza. Nchi za jirani zilikuja kujifunza kwetu. Mufindi, mto Mwenga ukaanza kuzalisha megawati 4 mwaka 2012, umeme ukaenda gridi ya taifa na vijijini. Wengine wakafunga sola visiwani, Ziwa Victoria.

Tatizo lilikuwa bei. Mwanakijiji wa mtandao binafsi alilipa zaidi ya shilingi 1,000 kwa uniti, wakati wa kijiji cha pili chenye nguzo za TANESCO, shirika la umeme la serikali, alilipa 100. Mwaka 2020 Waziri wa Nishati akaagiza wote watoze 100. Je, alikosea? Kuhusu uchungu wa mwanakijiji alikuwa sahihi kabisa. Si haki maskini alipe mara kumi ya jirani yake. Lakini pengo lile lilipaswa kulipwa na mtu. TANESCO hufidia vijijini kwa mapato ya mijini, na miradi ya REA, wakala wa nishati vijijini, hujengwa kwa fedha za umma. Mwekezaji mdogo hana mjini pa kufidia. Agizo lilitoka bila mfuko wa kuziba pengo, na anayekopesha miradi ya namna hiyo alijifunza kwamba kanuni ya Tanzania inaweza kubadilishwa kwa tamko mkutanoni. Somo hilo hugharimu kuliko ruzuku yoyote ya COSTECH, Tume yetu ya Sayansi na Teknolojia.

Nimalizie na manunuzi, maana hapa ndipo pana fedha. COSTECH tunayo kwa sheria ya 1986. Arusha tuna CAMARTEC na TEMDO, taasisi za serikali zinazobuni mashine, na TEMDO imeshatengeneza vitanda vya hospitali na vichomea taka. MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, tangu 2019 huibua vijana kila yanapofanyika. Mashindano yakiisha, mbunifu anarudi nyumbani na cheti. Akitaka kuiuzia halmashauri, zabuni inamdai hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu na orodha ya kazi kama hiyo alizowahi kufanya. Kampuni yake ina miezi minane.

Mwenye kuniuliza tufanye nini, simpi mkakati wa kurasa 80. Bohari ya Dawa na halmashauri zichague bidhaa chache ambazo tayari zimepimwa na TBS, shirika la viwango, ziahidi kwa maandishi kununua idadi fulani kwa miaka mitatu, na zilipe ndani ya siku 60. Sharti la uzoefu liondolewe kwa bidhaa hizo tu, dhamana ya ubora ibaki. Mbunifu mwenye karatasi ya namna hiyo ataingia benki bila kunitafuta mimi nimwandikie barua ya utambulisho.

Ndugu Mwenyekiti, naona kuna mwenzetu wa Hazina amenyoosha mkono tangu nilipotaja siku 60. Tumsikilize.