Dawa Imo, Milivolti Hazipandi

Jamaa zangu mnaotunza mabwawa ya kuogelea hapa Malindi, karibuni. Ile namba iliyo mbele ya herufi ORP kwenye kipimo chenu, yaani uwezo wa oksidisheni na upunguzaji, haiwaambii klorini ni kiasi gani majini. Inawaambia maji yana nguvu gani ya kunyang'anya elektroni, yaani oksidisheni, na vijidudu hufa kwa kunyang'anywa huko. Kinyume chake ni upunguzaji, yaani kutoa elektroni: tope jeusi la mikoko kule Mida, lile linalonuka mayai viza, laweza kusoma chini ya sifuri kabisa.

Fimbo ya kipimo ina elektrodi mbili. Platini hugusa maji na kupitisha elektroni tu, yenyewe hailiki. Ya pili ni waya wa fedha uliopakwa kloridi ya fedha, umezama katika kloridi ya potasiamu. Tofauti ya volti kati yao ndiyo mnayoisoma. Bwawani tunataka milivolti 650 hadi 750.

Sasa, dawa umetia, klorini imefika miligramu 2 kwa lita, na kipimo kimeganda 580. Wengi hukimbilia ndoo ya unga wa klorini. Ngoja! Pima pH kwanza, yaani kiwango cha asidi majini. Ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini ndiyo asidi haipoklorasi, ile inayoua. Ikifika 8, imebaki kama robo. Na unga wenyewe, haipokloriti ya kalsiamu, hupandisha pH, kwa hiyo unaongeza dawa huku unaidhoofisha. Shusha hadi 7.2 au 7.4 kwa asidi, acha pampu izungushe maji, ndipo usome tena. Bado? Shuku asidi sayanuriki, ile itokayo kwenye vidonge vya klorini na kuifunga klorini isifanye kazi upesi. Hiyo haiishi kwa kemikali. Mwaga sehemu ya maji, utie mapya.

Kabla ya yote hayo, hakikisha fimbo haikudanganyi. Itumbukize kwenye mmumunyo wa kuhakiki. Ikipishana na namba ya chupani kwa zaidi ya milivolti 20, huenda platini ina mafuta ya kujipaka jua. Sabuni ya vyombo na mswaki laini vyatosha, kamwe si stilwuli. Chokaa itoe kwa asidi hidrokloriki hafifu, suuza. Fimbo usiihifadhi kwenye maji ya betri, yale yasiyo na chumvi, yatanyonya chumvi ya ndani. Tumia kloridi ya potasiamu ya molari 3.

Wenye mabwawa ya maji ya bahari, 650 hiyo msiichukue hivihivi. Bahari ina bromidi, na klorini ikiingia huigeuza bromini, ambayo husoma milivolti pungufu.