Watazameni Waliomzunguka Nina

Assalaam alaykum. Wazee wetu, walimu, na nyinyi vijana mnaojifunza muziki na maigizo hapa Mjini, ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa niizungumzie Black Swan, filamu ya Darren Aronofsky ya mwaka 2010. Kisa chenyewe si kirefu. Nina, mcheza baleti wa New York, anachaguliwa kuongoza Swan Lake, baleti ya muziki wa Tchaikovsky iliyooneshwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1877. Mchezaji mmoja anatakiwa awe bata maji wawili: mweupe mwenye moyo safi, na mweusi mlaghai. Mweupe Nina anamuweza. Mweusi anamshinda, na katika kumtafuta akili inamruka.

Wengi wakishaitazama husimulia damu, vioo na manyoya yanayomchomoza mgongoni. Ni kweli yanatisha, na Natalie Portman aliigiza kwa ustadi uliompa Oscar mwaka 2011. Mimi nawaomba muwatazame waliomzunguka.

Chukueni kisa cha keki. Nina kapata nafasi aliyoiota, na mama yake, aliyekuwa mcheza baleti zamani, kamnunulia keki kubwa ya kumpongeza. Nina anaomba kipande kidogo tu, tumbo lake bado halijatulia kwa wasiwasi. Mama uso unabadilika pale pale. Anainyanyua keki nzima, anataka kwenda kuitupa. Binti anaanza kuomba radhi siku ya furaha yake mwenyewe! Kisha analamba sukari kwenye kidole cha mama yake, kama mtoto mchanga. Hapo hamna jinamizi wala muujiza wa kamera, na kwangu mimi ndipo panapotisha kuliko pote.

Mwalimu wake naye, Thomas, anamwambia kila siku ajiachie. Namna ya kujiachia hamfundishi. Anambusu kwa nguvu, anamfedhehesha, na yote hayo anayaita mafunzo. Wazazi, mwalimu wa namna hiyo akitokea, hata awe bingwa wa dunia, mtoeni mtoto wenu.

Halafu kuna Beth, nyota aliyetangulia. Umri umesogea kidogo tu, kashawekwa kando. Nina anamuona na anajua zamu yake itafika. Hapa moyo wangu unakwenda kwa Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Aliimba hadi uzeeni kabisa, sauti imekwaruza, na watu walimpenda na mikwaruzo yake. Akawafunda wari katika unyago, ngoma mkononi. Binti aliyekua akimtazama bibi kama yule jukwaani anajua kwamba sanaa ina nafasi ya kuzeeka. Nina hakumpata wa kumtazama hivyo.

Sisemi mazoezi yapunguzwe. Fidla haipigiki bila vidole kuota sugu, na mwanafunzi anayerudia kipande kimoja mpaka usiku sina ugomvi naye. Ninachouliza ni hiki: akikosea mbele ya watu, nyumbani anapokewa vipi? Katika filamu nzima simuoni mtu mmoja anayemwambia Nina, "Leo imetosha mwanangu, njoo ule," bila kuwa na lake analolitaka.

Nawapisha wenye maswali. Ningependa tuanze na walimu.