Kuchonga Bren ya mbao: hapa kwenye magazini usikimbie

Hamjambo watazamaji wangu! Leo tunachonga Bren, bombomu nyepesi waliyoibeba babu zetu wa Keya (jeshi la King's African Rifles) hadi Burma. Yetu ni robo ya ukubwa wake, sentimita 29 hivi, ya kuweka kabatini. Usitembee nayo barabarani. Kwa mbali polisi hawezi kujua ni mbao.

Mwili, kitako, miguu miwili ya mbele: chora, kata, piga msasa. Mtutu sentimita 16. Twende.

Sasa magazini, yaani kasha la risasi. Hii inakaa juu ya bunduki, si chini, na inapinda kuelekea mbele. Mbele, kwenye mtutu! Ya kwanza niliyochonga niliigandisha ikitazama nyuma. Kuibandua, ikang'oka na kipande cha mwili. Kwa hiyo usitie gundi kwanza, ijaribu kavu. Ngoja, kamera imeshuka... haya, mnaiona? Mbele.

Mimi mpindo huu naupenda kuliko sehemu nyingine yoyote. Bunduki yenyewe asili yake ni Chekoslovakia, kazi ya Václav Holek katika kiwanda cha Zbrojovka mjini Brno, na huko magazini yake ilikuwa imenyooka. Waingereza wakapata leseni mwaka 1935, na mwaka 1937 kiwanda cha Enfield kikaanza kuitengeneza. Brno na Enfield, ndiyo Bren hiyo. Lakini risasi yao ya .303 ilikuwa na ukingo uliotokeza kitakoni. Zipange 30 za namna hiyo, kitako juu ya kitako, safu inapinda yenyewe. Magazini ikabidi ifuate. Baadaye ilipogeuzwa kupiga risasi ya milimita 7.62 isiyo na ukingo huo, ikaitwa L4, na magazini ikanyooka karibu kabisa. Waingereza walikuwa nayo hata kwenye vita vya Falklands mwaka 1982.

Kwa kuwa magazini imeziba katikati, kilengeo kiko kushoto. Ishike kama mpigaji ndipo utie alama, usije ukakiweka kulia.

Rangi nyeusi isiyong'aa, kisha sugua penseli kwenye kingo, inatoa chuma kabisa. Kitako sikipaki rangi, nakipa mafuta ya nazi tu.

Gundi sasa. Kabla hujabana, tazama tena: imepinda mbele? Bana, iache hadi asubuhi.