Wanaanza kwa kukukata na mamako

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlokaa kule nyuma, sogeeni basi, spika hii haifiki huko.

Filamu tuloitizama sasa hivi ni Going Clear, ya Alex Gibney, ya mwaka 2015, inaizungumzia Scientology, dini ya kule Marekani inayojiita kanisa, na nimeona ilipofika habari ya Xenu, yule mtawala wa sayari nyengine katika mafundisho yao, ukumbi mzima mmecheka. Mimi nataka nianze hapo hapo. Hadithi ile mtu haambiwi siku ya kwanza! Anakuja kuonyeshwa baada ya miaka na pesa nyingi keshalipa. Paul Haggis yule muongozaji wa sinema, mtu na Oscar zake, alikaa mle zaidi ya miaka 30, na aliingia kijana tu, mambo yake na mchumba wake hayaendi vizuri, akakutana na watu wakamsikiliza. Basi. Nani hapa hajawahi kutaka mtu wa kumsikiliza?

Tizameni ile mashine yao ya E-meter. Mtu kashika kopo mkono huu na kopo mkono huu, sindano inacheza, mwengine kakaa mbele yake anauliza na kuandika, anaulizwa mpaka yale ambayo hata mkewe hajamwambia, na yote yanaingia faili. Walotoka wanasema mafaili yale yanakuja kuwa fimbo ya kuwatishia, kanisa lenyewe linakataa, limeikanusha filamu yote, na hilo lazma nikwambieni. Lakini siri zako zote ziko kabatini kwa watu, unaondoka vipi?

Lilonikaa mimi ni kukatana. Ukishaitwa adui wa kanisa, jamaa zako walobaki ndani wanaacha kusema na wewe, kanisa linasema hiyo ni hiari ya mtu mwenyewe, ila mlimsikia yule mama aloambiwa aachane na mwanawe wa kiume, akakataa, akamkosa binti. Mimi pale nilitoka nje kidogo.

Na msiseme hayo ya Wazungu. Shakahola ni Kilifi hapo, watu wanasema Kiswahili hichi hichi, mwaka 2023 zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 msituni, watu walifunga mpaka wakafa, na watoto wengi wamo. Mhubiri wao alishtakiwa mahakamani na yeye alikana. Lakini kabla ya njaa ile yalitangulia mengine, watoto wametolewa skuli, hospitali haramu, watu wameuza vyao wamehamia msituni, mbali na kila mtu ambae angewauliza mbona umekonda hivo. Awe padri, awe sheikh, awe nani, akikwambia watu wako ndo wanaokupoteza wakate, mimi hapo ndo nashtuka, sijauliza hata anaamini nini.

Nina rafiki yangu, tumesoma pamoja skuli hapa Pemba, kikundi alichoingia sikitaji. Alianza kuacha kuja barazani, tukasema kashughulika, mara akabadilisha namba, mara harusi ya dadake hakuja, na sisi marafiki tulikuwa tunamtumia makala na mivideo ya kumuonyesha kapotea, tena kwa matusi, na kila tukituma ndo anazidi kuamini walomwambia kuwa sisi maadui. Nalijutia hili mpaka leo.

Mamake hakubishana nae hata siku moja. Aliipata namba mpya kwa shida, basi kila Ijumaa anamtumia vois, hataji dini wala kikundi, anamwambia paka kazaa chini ya kitanda chako, karafuu tumezianika jana mvua ikatukamata tukazikusanya mbio mbio, mikeka yote imerowa. Miaka 2 hivo, vois inasikilizwa, jibu hakuna. Mwaka jana msimu wa karafuu simu ikalia usiku, mamake hajui kusoma vizuri akaniletea mimi nimsomee, ni neno moja tu.

"Zimekauka?"