Dola Mbili na Nusu

Wengi mlioko hapa mmeshanisikia nikilisema hili la haki ya mfungwa kufika mbele ya jaji, na mzee mmoja pale nyuma ameanza kutabasamu, anajua kisa cha siagi ya karanga kinakuja. Basi tuanze nacho tumalizane.

Mwaka 1995, maseneta wa Marekani wakijadili sheria ya kupunguza mashauri ya wafungwa mahakamani, kilisimuliwa kisa cha mfungwa aliyefungua shauri eti kwa kuwa alipewa siagi ya karanga laini badala ya ile yenye chengachenga. Watu wakacheka. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilicheka. Kisha Jaji Jon Newman wa mahakama ya rufaa akafanya ambacho wachekaji hawakufanya: akafunua jalada, akasoma.

Mtu huyo aliagiza makopo mawili kwenye duka la gereza. Moja likaja silo. Askari akalipokea bila ubishi wowote, akamwambia, "Lako utaletewa kesho." Usiku uleule mfungwa akahamishiwa gereza jingine. Kopo halikumfuata, na dola 2.50 zikabaki zimekatwa kwenye akaunti yake. Alichodai ni hizo hela. Habari ya ulaini na chengachenga waliikuza wenye kuisimulia.

"Dola mbili na nusu tu, ndugu mhadhiri?" Nimekusikia. Kwenye magereza ya serikali ya shirikisho kule, kazi za kawaida kama kudeki na kuosha vyombo hulipwa senti 12 hadi 40 kwa saa. Kwa wa senti 12, hizo ni saa ishirini na ushei za kudeki. Wewe ukikatwa mshahara wa siku mbili tatu kwa kitu ambacho hukupewa, utanyamaza? Usinijibu, nakujua. Na tuseme dai ni dogo mno, halistahili muda wa jaji. Sawa, jaji alitupe. Majaji hutupa mashauri kila siku, hiyo ndiyo kazi yao. Ugomvi wangu ni pale linapotupwa kabla jaji hajaliona.

Kicheko kiliisha, sheria ikabaki. Rais Clinton aliitia saini Aprili 1996. Tangu hapo mfungwa asiye na kitu hasamehewi ada ya kufungua shauri katika mahakama za shirikisho. Anakatwa kidogo kidogo, asilimia 20 ya kila kinachoingia kwenye akaunti, mpaka itimie ada yote, ambayo sasa ni dola 350, ashinde asishinde. Pigeni hesabu kwa senti 12: saa zaidi ya 2,900. Kwa shauri la dola mbili na nusu!

Ada, hata hivyo, nimeshaizoea. Ninachogombana nacho mpaka leo ni sharti la sheria hiyohiyo la kumaliza kwanza ngazi zote za malalamiko ndani ya gereza. Fomu ziko kwa nani? Kwa askari. Unamlalamikia nani? Askari. Kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani, na nyani kaweka na siku ya mwisho ya kupokea. Mwaka 2006, katika shauri la Woodford na Ngo, Mahakama ya Juu ilisema ukikosea utaratibu au ukipitwa na muda wa gereza, mahakamani huendi. Muda wenyewe kule California ulikuwa siku 15 za kazi. Aliyelazwa taya limefungwa waya, kalamu hana, ahesabu siku?

Mtaniambia bila ngazi hizo mahakama zitafurika. Huenda. Lakini hoja hiyo ni ya zamani kuliko sheria yenyewe. Mwaka 1940 gereza moja la Michigan lilikuwa likizisoma kwanza hati za wafungwa na kuamua zipi zinafaa kwenda mahakamani. Mfungwa Hull akaandika yake, akaambiwa haitatumwa. Akampa baba yake akaitume nje, askari wakamnyang'anya mzee. Akamwandikia karani wa mahakama, barua ikaishia njiani. Akaandika hati nyingine, akaipenyeza tena kwa baba yake, nayo ikafika masijala Desemba 26. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikasema kwamba kama hati ni nzuri au mbovu, hilo ni la mahakama peke yake kuamua. Halafu ikaisoma ya Hull, ikaona haina mashiko, ikamkatalia! Ndiyo maana nakipenda kisa hiki. Alishindwa, ila alishindwa mbele ya jaji.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na Golder, yule wa Uingereza aliyenyimwa ruhusa ya kumwona wakili ili amshtaki askari, hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikampa haki mwaka 1975. Nilikuwa na maktaba za magerezani pia. Yote nayaacha. Moja tu: shauri la mfungwa Houston, 1988. Muda wa rufaa siku 30. Alikabidhi karatasi zake kwa maofisa wa gereza siku ya 27, zikagongwa muhuri mahakamani siku ya 31. Majaji watano kwa wanne wakahesabu ile ya 27, kwa sababu mfungwa hana miguu ya kwenda posta. Watano kwa wanne, jamani.

Haya, maswali. Mzee wa nyuma, karibu.