Leza ya Rangi ya Chungwa: Mapambano na Nyekundu

Ndugu wasikilizaji, diodi za leza nyekundu, kijani na buluu zinapatikana kwa urahisi. Ya rangi ya chungwa haipatikani hivyo, kwa hiyo anayeitaka hana budi kuitoa kwenye fuwele.

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua fuwele ya vanadati yenye elementi ya neodimi, kuilazimisha itoe mawimbi ya mwanga yenye urefu wa nanomita (sehemu za bilioni za mita) 1064 na 1342 kwa pamoja, kisha kuyajumlisha ndani ya fuwele ya pili hadi yawe 593.5. Ni njia ngumu. Mawimbi yote mawili hunyonya nguvu ya atomi zilezile, na lile la 1064 lina nguvu takriban mara nne ya mwenzake. Isitoshe, sehemu kubwa ya mwanga wenyewe haionekani kwa macho.

Ya pili ndiyo ninayoipendekeza: fuwele ya YLF (floridi ya litiamu na yitri) iliyotiwa elementi ya praseodimi, kiasi cha asilimia 0.5, urefu wa milimita 5, ikisukumwa, yaani ikipewa nguvu, na mwanga wa diodi ya buluu. Hii hutoa nanomita 607 moja kwa moja.

Tatizo la kwanza ni diodi. Fuwele hufyonza vizuri karibu na nanomita 444, katika ukanda wenye upana wa nanomita mbili hivi tu, ilhali diodi nyingi zenye nguvu hutoa 445 hadi 455. Kupoza husaidia kidogo mno: kila digrii moja huhamisha wimbi kwa takriban nanomita 0.06. Diodi ya 450 ingehitaji kupozwa digrii mia moja! Nunua iliyokwisha kupimwa. Kisha izungushe hadi mwelekeo wa mtetemo wa mwanga wake ulingane na mhimili mkuu wa fuwele, uitwao c. Ukikosea hapo, buluu nyingi itapita bila kufyonzwa.

Sasa adui mwenyewe. Fuwele hiyohiyo hupenda zaidi kutoa nyekundu ya nanomita 640, yenye nguvu kama mara moja na nusu ya 607. Mtetemo wao unaelekea upande mmoja, hivyo kibamba kilichoinamishwa ili kuchuja mtetemo hakiwatenganishi. Kazi hiyo ni ya vioo. Kioo cha kuingilia kipitishe 444 na kirudishe 607. Kioo cha kutolea kipitishe asilimia 1 hadi 2 ya 607, lakini asilimia 10 au zaidi ya 640. Vioo vilivyotengenezwa kwa leza nyekundu havifai hata kidogo.

Nyekundu ikiendelea kuwaka, ingiza kati ya vioo kipande cha glasi chenye unene wa milimita 0.1, ukiinamishe polepole. Kwa unene huo vilele vya upitishaji, yaani mawimbi ambayo glasi huyapitisha vizuri zaidi, hutengana kwa nanomita 1.2 hivi. Glasi ya milimita 1 huvikaribisha hadi 0.12, na nyekundu hupata upenyo mwingine palepale.

Kioo bapa na kioo chenye kipenyonusu cha mpindo cha milimita 50, vikiachana kwa milimita 48, hufanya mwale wa 607 uwe na nusu-kipenyo cha mikromita 43 kwenye kioo bapa. Fuwele ikae hapo, na buluu ikusanywe iwe na ukubwa unaokaribiana na huo. Diodi hizi hutoa mwale mrefu mwembamba, kwa hiyo tumia lenzi za silinda kuusawazisha kwanza.

Kabla ya kuwasha, angalieni miwani. Miwani ya kinga ya buluu mara nyingi ina rangi ya chungwa: huzuia 444, lakini huipitisha 607 kama ilivyo. Tafuteni inayozuia zote mbili, au tazameni kupitia kamera. Hapa sitaki mtu afanye mzaha.

Mwisho, joto. YLF hupasuka upesi. Izungushieni karatasi nyembamba ya indi, metali laini, muibane kwa upole ndani ya shaba, na muongeze mkondo wa diodi kidogo kidogo. Rangi ya chungwa ikififia mkondo ukipanda, pimeni kwanza wimbi la diodi: huenda imepata joto na kuhama kutoka 444.